Kaburi Ndani ya Chupa

Mimi ni Hemedi, fundi wa mashini ya kushona pale Kasongo, na kama kuna mutu kati ya Kasongo na Salamabila anayesema anakata suruali kunishinda mimi, mutu huyo amelala na anaota. Kushona nilijifunza mwenyewe. Kusoma nilisoma nusunusu: miaka miwili kwa Mapadri, mitatu kwa mwalimu wa Korani, na pande zote mbili walifurahi nilipoondoka. Ninayasema haya mapema ili musije mukafikiri kwamba habari hii imetungwa na mutu wa akili nyingi. Haikutungwa. Ilimupata kwanza shemeji yangu Théophile, halafu ikanipata mimi, na mpaka leo ingali inanipata.

Ilikuwa Jumanne, kiangazi cha mwaka 1949. Jua la kawaida, vumbi la kawaida. Nilikuwa kwenye baraza yangu nikishona suruali ya kapita wa pamba, musimamizi wa mashamba, mutu wa tumbo kubwa aliyekaa pembeni akingoja, ambaye kila mwaka alinisingizia kwamba nimekosea kupima kiuno chake. Kamio, lori la pamba, ikasimama mbele yetu. Akashuka Théophile, kaka wa mke wangu Victorine. Tulikuwa hatujamuona karibu miaka miwili. Alikuwa amekumbatia sanduku dogo la mbao kama mutu anayebeba mutoto mugonjwa.

"Karibu, shemeji," nikamwambia. "Umekonda hivi, bahari imekula nyama yako yote?"

Hakucheka. "Imekula Marcellin," akasema.

Ngoja niwaeleze. Théophile alikuwa mutu wa laboratwari ya hospitali, kazi yake kuangalia damu kwa vioo. Siku moja alipita muzungu mumoja, dokta, lakini si dokta wa watu. Dokta wa maji. Alitafuta watu wanaojua kuosha vyombo vya kioo bila kuvivunja, awapeleke mpaka Banana, pale muto mukubwa unapoingia baharini. Alichukua wawili: Théophile, na Marcellin wa kijiji cha Wamaza, kijana wa nguvu, mutoto mumoja tu wa Mama Apolline. Walimupa yule dokta jina la Bwana Chupa, na mukisikia kazi yake mutaelewa sababu.

Kila siku meli yao ilikwenda mahali papya baharini, ikasimama. Mahali hapo pakapewa namba: kituo cha kwanza, cha pili, hivyo hivyo. Wakashusha waya wa chuma, mita mia, mita mia nne. Kwenye waya wamefunga chupa tano za shaba, wazi juu na chini, kila moja na kina chake. Marcellin ndiye aliyezifunga, na pale alipoongeza kamba alifunga fundo lake mwenyewe: mizunguko mitatu, halafu ncha inarudi chini. Bwana Chupa mwenyewe alishindwa kulifungua. Chupa zikifika, wanaachilia kipande cha shaba kizito, kinateleza kwenye waya. Wanakiita mujumbe. Mujumbe anagonga chupa ya kwanza, inajifunga na maji ya pale pale. Chupa hiyo nayo inaachilia mujumbe mwingine kwa chupa ya pili, mpaka chini kabisa. Wewe unasimama juu, umeshika waya kwa vidole, unahesabu. Tok. Tok. Chupa tano, tok tano. Ndipo unajua kwamba zote zimefungwa.

Halafu maji yanapimwa. Théophile anatia matone ya dawa mbili, anangoja dakika kumi, na maji yanageuka buluu. Yakiwa na chakula kingi ndani, buluu inakolea. Yakiwa na kidogo, yanabaki meupe.

"Chakula gani mu maji?" nikamuuliza.

"Chakula cha majani ya bahari. Kila kitu kinachokufa kinashuka chini, kinaoza, kinayeyuka mu maji. Hiyo njo chakula chenyewe. Juu kule maji iko masikini, shemeji. Chini njo kuna mali."

Siku ya kituo cha kumi na tisa Marcellin aliinama kufunga chupa ya mwisho. Waya ulikamata mukono wa shati lake. Hakupiga kelele. Alikwenda na waya. Walivuta nusu siku, wakapata shati tu. Lakini kabla hawajaanza kuvuta, katika fujo ile mujumbe alikuwa ameshaachiliwa, na Théophile alikuwa ameshika waya. Akahesabu kwa mazoea. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Halafu moja tena.

Chupa zilikuwa tano.

Sasa munajua desturi yetu, na asiyejua ajue leo. Mutu akifia mbali, ndugu wanaleta udongo wa kaburi lake. Panachimbwa shimo dogo pembeni ya baba yake, udongo unazikwa, na matanga yanaondolewa. Mama anaoga, ananyoa, anarudi kulala kitandani. Bila hiyo, mama anabaki chini, kwenye mukeka, hata kama ni miaka. Mama Apolline alikuwa kwenye mukeka kwa miezi kumi na moja. Na bahari haina udongo wa kuchota. Ndiyo maana Théophile alimuomba Bwana Chupa maji ya chupa ya tano, ya mita mia nne, pale pale mutoto wa watu alipobaki. Akapewa chupa ya kioo, imefungwa kwa nta nyekundu, na karatasi: 19 – 400. Ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku.

Ilikuwa kaburi, basi. Na lililalishwa chini ya meza yangu ya mashini.

Théophile akaenda kwa bwana mutawala kutafuta karatasi ya ruhusa ya kwenda Wamaza. Kapita wa pamba alikuwa bado hapo, anangoja suruali.

"Wanasema bahari yote iko chumvi," akasema. "Maji mengi hivyo, nani aliyeweka hiyo chumvi? Ni uwongo wa wasafiri."

"Kesho nitakuambia kwa ulimi wangu mwenyewe," nikamwambia.

Ndivyo nilivyo. Nilitaka niwe mutu wa kwanza pale Kasongo kusema: mimi nimeonja bahari bila kuvuka hata muto Lualaba. Kapita alipokwenda nilifungua sanduku, nikabandua ile nta kwa kisu, taratibu, kazi safi kabisa. Nikanywa funda moja.

Chumvi. Kweli chumvi. Na baridi, katika joto la saa nane muchana, baridi ya kuuma meno. Mukono wangu wa kushoto ulikuwa umelala kwenye uzi wa mashini, uliokazwa kati ya roli, kijiti kinachozungushiwa uzi, na sindano. Mashini ilikuwa imesimama. Uzi ukanigonga kidoleni.

Tok.

Nikaangalia chini ya meza. Hapakuwa na kitu.

Tok. Tok. Tok. Tok.

Ya sita ndiyo iliyonirusha. Kiwiko kikapiga chupa, chupa ikalala, maji yote yakaenda kwenye vumbi. Vumbi likayanywa mara moja, kama lilikuwa na kiu yake ya siku nyingi. Pale pakabaki alama nyeupe.

Mutu mwingine angelia. Mimi nilichota maji ya kisima, nikatia chumvi ya jikoni, nikaonja mpaka ikafanana. Nta ile ile nyekundu nikaiyeyusha kwa mushumaa, nikaifunga upya. Victorine alikuja na ufagio, akafagia baraza kama kawaida yake, akatupa vumbi njiani. Hakujua anafagia nini. Nilijiambia: maji ni maji. Mama atazika chupa, atapanda kitandani, nani ataumia?

Siku ya nne tulikuwa Wamaza. Niliomba nibaki Kasongo, Théophile akakataa. "Wewe unajua kusema na watu, shemeji. Mimi mudomo wangu ni muzito." Njia nzima alipakata sanduku.

Uwanja wa Mama Apolline ulijaa watu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Pembeni ya kaburi la baba walikuwa wamechimba shimo la chupa, dogo, zuri, refu kama mukono kutoka kiwiko mpaka kidole. Nililipima kwa macho, ni ugonjwa wa kazi yangu. Sentimita arobaini na tano.

Mama Apolline aliletwa akishikwa mikono. Muzee mwembamba, nywele zimekua ovyo, magoti yamekuwa meusi kwa mukeka. Alichukua chupa, akaiweka shavuni. Hakulia. Alikaa nayo hivyo mpaka watu wakaanza kukohoa.

Sasa François, baba mudogo wa marehemu, akasimama. Mutu wa maneno.

"Udongo wa kaburi tunaujua kwa rangi," akasema. "Maji haina rangi. Tutajua namna gani kama haiko maji ya Lualaba?"

"Iko na rangi, baba," Théophile akajibu. "Rangi imejificha. Nina dawa yake."

Akatoa mufukoni vichupa viwili. Alikuwa amevibeba kutoka Banana kwa ajili ya siku hiyo tu, ili mama aone kwa macho yake kwamba mutoto wake amefika.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "usiharibu maji ya marehemu. Yazikwe tu."

"Kidogo tu, mu gilasi."

"Watu wanangoja kuzika."

"Hemedi, unaogopa nini?"

Akafungua nta. Akamimina. Matone ya dawa ya kwanza. Matone ya pili. Akaweka gilasi juu ya kinu kilichopinduliwa, akatoa saa yake. "Dakika kumi," akatangaza. "Itakuwa buluu kama nguo za Bikira pale kanisani."

Uwanja wote ukaangalia gilasi. Mama Apolline alipiga magoti mbele yake, pua karibu iguse kioo.

Dakika tano. Meupe.

Dakika kumi. Meupe.

Dakika kumi na tano, meupe kama yalivyotoka kisimani kwangu.

"Uwongo," François akasema, polepole. "Umeletea mama yetu uwongo."

Théophile akainama. Akaokota nta aliyoibandua, akaigeuzageuza kwenye jua. Akavuta kitu kutoka ndani ya nta kwa kucha mbili. Uzi. Uzi mweusi wa pamba, urefu wa kidole. Uzi ninaoshonea suruali za makapita.

Alikuja mbele yangu, akauweka kwenye kiganja changu.

Niliwaambia yote. Mimi ambaye ninaweza kumuuzia Padri kanzu yake mwenyewe, siku ile niliitoa kweli tupu bure. François alishika kirungu. Mama Apolline akamzuia kwa kidole tu.

"Yale ya mu vumbi yako wapi?" akaniuliza.

"Yalifagiliwa, mama."

"Na ile ulikunywa?"

"Funda moja, mama."

Akaangalia tumbo langu.

"Théophile," akasema, "iko na dawa ingine?"

"Iko, mama."

"Fundi ateme."

Nilitema kwenye gilasi nyingine. Mudomo ulikuwa umekauka, nilitafuta mate kama mutu anayetafuta sindano kwenye muchanga. Théophile akatia maji ya mutungi, akatia matone. Hatukuhitaji saa. Buluu ilianza chini ya gilasi, ikapanda. Ikawa buluu ya kufulia. Ikawa ya wino. Ikaendelea, mpaka huwezi kuona kidole upande wa pili.

"Mate ya mutu yeyote ina buluu kidogo," Théophile akanong'ona. Nafikiri alitaka kuniokoa. Akatema yake, akatia matone. Ikatoka rangi ya mbingu asubuhi, nyepesi, basi. Akaweka gilasi mbili pamoja, akatazama ile yangu. "Hata kituo cha kumi na tisa haikuwa hivi," akasema. Hakuendelea kuniokoa.

Mama Apolline aliinuka mwenyewe, bila kushikwa. Akaja mpaka kwangu. Akaweka kiganja juu ya tumbo langu, chini ya kifungo cha tatu, kama mama anayepima homa. Akainamisha kichwa karibu sana.

"Umefika, mwanangu," akanong'ona. "Pole na safari."

Na ndani, chini ya kiganja chake, kitu kikagonga mara moja.

Aliondoa mukono. "Shimo lisifukiwe," akawaambia. "Mutu hazikwi pamoja na mutu anayepumua. Tutangoja." Halafu akarudi ndani ya nyumba, na tukasikia akitandika mukeka chini.

Hapo ningeweza kumaliza na kuwaambia kwamba nilikwenda kwa mapadri na kwa mashehe, wakanitibu. Nilikwenda. Padri alinipa maji ya baraka, nikanywa, yakawa chumvi mudomoni. Shehe aliandika aya kwenye sahani, akaiosha kwa maji ya mvua, nikanywa, chumvi. Mashati yangu yakikauka kwa jasho yanabaki na ramani nyeupe mugongoni. Victorine anazifua, hasemi. Siku moja tu aliniuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini upande wangu wa kitanda una alama za watu wawili.

Na uzi. Kila siku, saa nane muchana, uzi wa mashini unanigonga. Mara tano. Ninangoja ya sita. Inakuja.

Kila kiangazi nilipanda baiskeli mpaka Wamaza, siku tatu za njia, kumuona Mama Apolline. Nilimupelekea kitambaa, sabuni, sukari. Hakunitukana hata siku moja, afadhali angenitukana. Alikuwa akinikaribisha kwenye kiti, yeye chini kwenye mukeka, na kuniwekea sahani mbili za ugali. Nikimaliza moja, ananionyesha ya pili.

"Hii yake," anasema.

Ninakula. Naye anasimulia, macho kwenye tumbo langu: nani ameoa, mbuzi gani amezaa, paa lilivyovuja. Habari za nyumbani, kama unavyomuandikia mutu aliye mbali. Miaka saba nilikula sahani mbili. Mwaka jana alikufa, mwezi wa mvua. Alikufa kwenye mukeka, hakupanda kitanda chake. Hiyo ndiyo kazi yangu, mimi fundi hodari. Nimeshona watu wengi, huyo nilimuharibu, na hakuna kitambaa kingine cha kuanza upya.

Mwezi uliopita nilikwenda kulia kwenye kaburi lake. Wamemuzika upande mwingine wa mume wake, wakaacha lile shimo pale lilipo. Nilikuwa sijaliangalia tangu siku ile. Ninaogopa kusema uwongo hapa, kwa hiyo nitasema tu kile nilichokiona.

Shimo halikuwa la chupa tena.

"Nani amechimba?" nikamuuliza François. Sasa ni muzee, kirungu amekifanya fimbo.

"Hakuna jembe iliingia pale, fundi. Tunaogopa hata kufyeka majani." Akatema pembeni. "Lakini majani haioti."

Niliondoa mita shingoni. Mita yangu haidanganyi, kapita wa pamba aseme anavyotaka. Nilipima urefu: mita moja na sentimita sabini na mbili. Nilipima upana: sentimita arobaini na nane. Vipimo vya watu wa Kasongo ninavyo vyote kichwani, vya mabwana na vya makarani. Hivyo vilikuwa vyangu. Mabega yangu. Urefu wangu, bila viatu.

Kuta zilikuwa laini kama kikombe. Chini ni giza, muchana kweupe. Nikatoa roli ya uzi mufukoni, nikafunga kifungo cha suruali kwenye ncha, nikashusha nipime kina. Uzi ukaenda. Ukaenda. Roli ikawa nyembamba. Mia mbili. Mia tatu. Roli za uzi wangu zina mita mia nne, na ilipoisha, kifungo kilikuwa bado hakijagusa kitu.

Nilishika uzi kwa vidole viwili.

Tok.

Tok.

Tok.

Tok.

Tok.

Sikungoja. Nikaukata uzi kwa meno, ukaporomoka, nikapanda baiskeli bila kuaga. Ulimi wangu ulikuwa na chumvi mpaka Kasongo.

Nimemwambia Victorine: nikifa, munizike Wamaza, shimo liko tayari. Alilia kidogo, akakubali. Théophile naye alikuja, mara ya kwanza baada ya miaka minane, akanishika mukono. Tumeshapatana. Nilifikiri kwamba sasa mambo yamekwisha, nikafanya mzaha hata na kapita, nikamwambia mimi ndiye mutu peke yake hapa aliyeshonewa kaburi kwa kipimo.

Asubuhi ya juzi nilifungua mashini yangu. Mahali pa roli nilikuta uzi mweusi umezungushwa wote, mita mia nne, umelowa, umeanza kuwa mweupe kwa chumvi. Kwenye ncha, kifungo changu cha suruali.

Mafundo ninafunga mimi kila siku, ninayajua kama meno yangu. Lile lililoshika kifungo halikuwa langu, na Théophile alilitambua. Mizunguko mitatu, halafu ncha inarudi chini. Tumejaribu kulifungua, mimi, Victorine na Théophile. Tumeshindwa.